Jicho la Mlango

Mlango ulishuka mpaka usawa wa kifua, ukasita kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani, kisha ukarudi juu ukigumia. Bakari akabonyeza rimoti tena. Ukashuka, ukasita, ukarudi. Mara ya tatu hata haukujisumbua kufika kifuani. Ulishuka shubiri mbili tu, taa ya dari ikamkonyeza, ukapanda zake.

"Ala!" Bakari akasema. "We mlango, leo? Huna siku nyingine ila leo?"

Leo ndiyo iliyokuwa siku ya nikahi ya Asmaa, binti yake wa kwanza na, kwa alivyopanga Mola, wa pekee. Nikahi ilikuwa Likoni, katika msikiti wa ukoo wao, baada ya swala ya alasiri, na Bakari ndiye walii. Mkono wake ndio wa kumshika bwana harusi, na ulimi wake ndio wa kutamka "nimekuoza." Maneno hayo alikuwa akiyarudia tangu juzi, akifagia uani, akimwagilia maua, hata mkewe Mastura akamwambia, "Punguza, baba Asmaa. Utayamaliza utamu kabla ya siku."

Ilikuwa saa saba u nusu za mchana. Kanzu mpya alikwisha kuivaa, kofia ya viua iko kichwani, na nje ya ukuta mpwa wake Jafar alikuwa ndani ya tuktuk yake akipiga honi ya furaha, pi-pi-piii, kama vile yeye ndiye aliyekuwa akioa.

"Mjomba!" Jafar akaita. "Bi harusi ameshafika Likoni saa nne, walii yuko Mjambere mpaka saa hizi! Waja au wangoja watoto wazaliwe?"

"Naja! Mlango wanichezea!"

Nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya Bi Jalila, mama wa makamo anayefanya kazi Doha, aliyejenga ghorofa hapo Mjambere na kuizungushia ukuta. Bakari na watu wake wakikaa vyumba viwili vya uani, wakiilinda. Ndani ya gareji mlikuwa na gari jeupe lililofunikwa shuka, friji mbili ambazo hazijatolewa hata karatasi, na maboksi yaliyopangwa hadi juu. Wiki hiyo Bi Jalila alikuwa amewapa ruhusa kuweka vitu vya harusi humo. Aliitoa kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, dakika moja ya ruhusa na tatu za maonyo. Kitanda, kabati, mikeka na vyombo vya Asmaa vililala karibu na gari la tajiri kama wageni waliokaa ukingoni mwa kiti.

Asubuhi pikapu ilikuja kuvichukua. Nusu ya mtaa ilimiminika gareji kutazama. Waliimba, wakapiga vigelegele, wakagusa kabati, wakafungua masufuria na kuyafunika. Pikapu ikaondoka na Mastura, bi harusi na mashangazi, nyimbo zikasikika mpaka barabara ya lami. Walibaki watatu tu: Bakari, mlango, na mama yake Bakari, Bi Mwanatatu, ambaye aliapa kwamba hapandi pikapu na makabati, yeye si kabati.

Bibi huyo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando kabisa ya nguzo ya kushoto ya mlango. Buibui lake lilimwagika mpaka chini, bakora ilikuwa mapajani, tasbihi mkononi. Macho aliyainamisha.

"Mama, shikamoo tena," Bakari akasema, maana jambo likimzidi hurudia salamu. "Mlango wakataa kufunga."

"Marahaba. Usiugombeze. Utafunga, inshallah."

Bakari akaifungua rimoti, akatoa betri, akazisugua kwenye kanzu, akakumbuka kwamba kanzu ni mpya, akazisugua kwenye soksi. Akazirudisha. Mlango ukashuka, ukarudi. Akazizima stima za gareji na kuziwasha. Mlango ukashuka, ukarudi. Jafar akaingia, akaupiga mlango konzi mbili, akaweka sikio kama daktari.

"Una kiungulia," akasema.

"Jafar, usinichekeshe, wallahi nitalia."

"Basi tuuache hivyo hivyo. Nani aibe mchana kweupe?"

"Nani asiibe? Wiki iliyopita hapo nyuma wameng'oa tangi la maji na maji yakiwa ndani. Niliache gari la watu wazi, niende nikale pilau?"

Swichi ya ukutani haikuwapo. Bi Jalila aliing'oa mwaka jana, akasema vidole vya watu wengi vitaiharibu. Palibaki shimo na nyaya mbili zilizofungwa utepe.

Bakari akampigia Kefa, fundi aliyeufunga mlango ule. Kefa alikuwa Voi kazini, na nyuma yake kulisikika nyundo.

"Niaje, mzee wangu! Leo si ndio arusi?"

"Ndiyo arusi, mwanangu, na mlango umenifunga mimi badala ya kujifunga wenyewe." Akamweleza. Simu akaiweka sauti ya juu ili Jafar naye asikie.

"Hiyo ni kitu ndogo," Kefa akasema. "Ikishuka alafu irudi, hiyo ni jicho."

Pale kwenye kiti tasbihi ilisimama.

"Nini?" Bakari akauliza.

"Jicho, mzee! Huo mlango uko na jicho. Jicho ikiingiliwa, mlango haikubali kufunga. Hata ufanye nini."

"Nilijua," Bi Mwanatatu akasema kwa sauti ya chini. "Nilijua mimi. La haula wala kuwwata! Walivyokuwa wakitazama vile, hata mmoja hakusema mashallah. Yule wa nyumba ya bati alisema, 'Kabati hili kama la malkia!' Akanyamaza. Akameza mate. Nikamwona mimi akimeza mate."

"Mama, fundi hasemi jicho hilo."

"Jicho ni jicho."

Bakari akageukia simu haraka. Mambo ya husuda na mazinguo yalikuwa kidonda baina yake na mama yake. Tangu aanze kuhudhuria darsa za Ijumaa alimkataza mambo ya hirizi na vifundo, kwa adabu, lakini alimkataza. "Mama, kinga ni Aya ya Kursiyu na Mola wake," alimwambia, na bibi akaitikia "haya" ya mtu aliyekubali kwa mdomo tu.

"Kefa, nieleze taratibu. Jicho liko wapi?"

"Chini, karibu na sakafu. Kuna moja kulia, ingine kushoto, zinaangaliana. Ni kidude kidogo cheusi iko na kitaa. Kitu ikipita katikati, mlango inadhani ni mtoto, inarudi juu isimfinye. Angalia ya kulia."

Bakari akapiga magoti, kanzu akaikusanya mkononi. Kweli, kifundoni mwa nguzo ya kulia palikuwa na kidude kama kiberiti, chenye kioo na taa ya kijani. Miaka mitatu amefagia pale, hakuwahi kukitambua. Akakifuta kwa leso.

"Lawaka kijani!"

"Sawa. Sasa ya kushoto. Iko aje? Iko na kitu?"

Bakari akatazama kushoto. Kushoto alikuwako mama yake. Mwana wa kipwani hamwambii mzazi wake "ondoka hapo," hata nyumba ikiungua, atatafuta maneno mengine kwanza. Akayatafuta.

"Mama, samahani. Hapo ulipo hapakusumbui?"

"Hapanisumbui. Magoti yangu yamekwisha zoea."

"Fundi auliza kuhusu jicho la upande huo."

"Mwambie upande huu nimeshautengeneza mimi. Huku kuko salama." Akavuta buibui likaenea zaidi.

"Kefa, mama asema kushoto kuko salama."

"Iko salama? Kama zote ziko poa, basi ni bodi imeungua," Kefa akasema, na furaha ikamtoka sautini. "Hiyo nitakuja nayo kesho. Ama uvute ile kamba nyekundu ya juu, uishushe na mkono."

"Nikiushusha kwa mkono utajifunga?"

"Zii. Inafungwa na mota. Mtu akija nje anainua tu kama pazia."

Jafar akaitazama saa. "Saa nane kasoro kumi, mjomba. Ikipita saa nane u nusu sisi twende tu kuwaona maharusi, nikahi tutasimuliwa. Feri siku ya Jumamosi si ya kuchezea."

Kabla Bakari hajajibu, simu ikalia. Ilikuwa ni Doha, tena kwa picha.

"Bakari." Bi Jalila hakuwa mtu wa salamu. Alikuwa mdogo kwa Bakari kwa miaka kumi, lakini hakuwahi kumwita hata kaka. "Mbona simu yaniambia mlango wangu u wazi tangu asubuhi?"

"Wakataa kufunga, bibi. Niko na fundi—"

"Geuza simu nione gari. Sogea. Inua shuka. Haya, huko nyuma." Bakari akazunguka na simu kama mtu apimaye ukuta, kanzu ikimkwama kwenye maboksi. Jafar akaondoka mlangoni ili asionekane. "Na huyo ni nani amekaa hapo?"

"Ni mama yangu."

"Gareji si baraza, Bakari. Niliwapa ruhusa ya vitu, sikuwapa ya watu."

Bi Mwanatatu aliinua uso, akangoja shikamoo yake. Haikuja. Akauinamisha tena.

"Sikiza," Bi Jalila akasema. "Vitu vilivyomo humo ni jasho langu la miaka sita. Ukiondoka na mlango u wazi, usijisumbue kurudi. Vyumba nitampa mwingine." Akasita. "Na hongera ya harusi." Simu ikakatika.

Nje kuku wa jirani alikuwa akitangaza yai kwa kelele kama kwamba hakuna aliyewahi kutaga.

"Hongera ya harusi," Jafar akasema, akiigiza sauti.

Bakari alijaribu mara mbili zaidi. Alipaka mafuta ya kula kwenye reli. Alisoma Bismillahi, akabonyeza kwa kidole gumba cha kulia. Mlango ukashuka, ukarudi. Akafikiri kumwachia Jafar alinde, lakini basi ataendeshwa na nani, na mama je? Akafikiri kumwita jirani, na pale pale akamkumbuka Bi Jalila akisema "sikuwapa ya watu." Njia zilikuwa zikifungika moja moja kwa urahisi kabisa. Kilichokataa kufungika ni mlango peke yake.

Ndipo akapiga simu ambayo hakutaka kuipiga.

Ahmad alikuwa nduguye wa baba mmoja, mkubwa kwake, mwenye maduka mawili Likoni na maneno ya maduka matano. Siku Bakari alipopata kazi ya ulinzi, Ahmad alisema mbele za watu, "Kila mtu na riziki yake. Mwingine hufungua milango, mwingine humfungulia mwenziwe." Watu walicheka. Bakari naye alicheka, ndivyo ilivyotakikana.

"Uko wapi, walii?" Ahmad akauliza kwa kishindo. Nyuma yake watu walikuwa wengi. "Bwana harusi keshafika, ametota jasho kama samaki! Sheikh auliza."

"Kaka, nimezuilika. Mlango wa gareji umeharibika, siwezi kuuacha."

"Mlango wa nani?"

"Wa tajiri."

"Ah." Ahmad akaacha kitambo ili walio karibu naye wasikie vizuri. "Mlango wa tajiri. Basi hapana neno, mdogo wangu. Mimi si ndugu yako? Niwakilishe, niwe wakili wako, nitamwoza mimi. Mashahidi wako hapa, nimeweka sauti juu. Tamka tu, 'Nimekuwakilisha umwoze binti yangu Asmaa.' Neno moja, yamekwisha."

Bakari alikitazama kiganja chake cha kulia. Kiganja hiki ndicho kilichompokea Asmaa siku ya kwanza, alipokuwa mdogo akitosha kulala kati ya kidole na kiwiko. Aliyajua maneno ya Ahmad yatakayofuata, leo, Idi, na kila msiba na kila harusi mpaka siku ya kufa: "Yule Asmaa nilimwoza mimi, babake alikuwa akilinda mlango." Lakini vyumba viwili vya uani ndimo Mastura alimolala. Ndimo mama alimolala.

Akakohoa kusafisha koo.

"Nime..." akaanza. "Nimeku..."

"Usiseme!"

Bakora ilipiga sakafu ikalia kama risasi. Bi Mwanatatu alikuwa amesimama. Hakuna aliyeona alivyosimama, mtu ambaye kila siku huinuliwa kwa mikono miwili.

"Usilitoe neno hilo, Bakari! Likitoka halirudi. Ngoja kwanza, niulize." Alikuwa akitweta. "Hilo jicho asemalo fundi. Ni hiki kidude chenye kitaa?"

Akaondoa buibui. Kwenye kifundo cha nguzo ya kushoto, pale ambapo palipaswa kuwa na kioo na taa ya kijani, palikuwa na fundo la kitambaa cheusi, limefungwa mara tatu kwa uzi mweusi. Na sasa kwa kuwa buibui limeondoka, harufu ikapanda, kali, ya kuchoma pua, harufu ya dawa ya husuda ambayo kila mtoto wa pwani huijua tangu siku arubaini zake.

"Mvuje!" Jafar akasema, akashika pua.

"Walikuwa wakitazama vyombo vya mjukuu wangu," Bi Mwanatatu akasema. Sauti yake ilikuwa ya msichana aliyevunja chungu. "Nikainama kuokota tasbihi, nikakiona hiki nacho. Kimenikodolea. Kidogo, cha kijani, hakipepesi. Watu wote wale wanatazama, na hiki nacho chini kinatazama. Nikasema, wale siwezi kuwafunga macho, lakini hiki nakiweza. Nikakifunga. Kisha nikakaa hapa usikione, kwa kuwa ulinikataza."

Bakari alimtazama mama yake, akalitazama fundo, akamtazama mama yake. Katika simu Ahmad alikuwa akiita, "Haloo? Haloo? Umesema nimekunini?"

Kicheko kilianzia tumboni. Alijaribu kukizuia kwa adabu, kikamshinda, akaegemea gari la tajiri, machozi yakamtoka. Jafar alikuwa tayari ameketi chini.

"Mama," Bakari akasema alipoweza, "umelitia jicho dawa ya jicho!"

"Na limeshika," Bi Mwanatatu akajibu, akiwa bado hajui kama amesamehewa. "Dawa yangu hushika."

Bakari akapiga magoti, safari hii bila kukusanya kanzu. Uzi ulikuwa umekazwa na mtu aliyekusudia. Akaung'ata. Fundo likaachia, na pale pale kitaa cha kijani kikawaka, hakipepesi. Fundo akalitia mfukoni asije akalitupa mbele ya mama, wakatoka wote watatu nje, bibi akishikwa huku na huku. Bakari akanyoosha rimoti.

Mlango ukashuka. Ukafika kifuani. Ukapita kifua, ukapita magoti, ukagusa sakafu na sauti laini, tuu, kama kitasa cha sanduku zuri. Jafar akaruka. Bi Mwanatatu akasema "Allahu Akbar" mara tatu.

"Kaka Ahmad," Bakari akasema katika simu, "mwambie sheikh walii yuko njiani."

Ilikuwa saa nane na dakika thelathini na tatu.

Jafar aliendesha siku ile kama aliyepewa ruhusa na serikali. Bi Mwanatatu alishika chuma cha kiti kwa mikono miwili na kusoma kila alichokijua. Kwenye daraja la Nyali alimaliza Yasini, na mjini akaianza upya. Ferini mlinzi mmoja alichungulia ndani ya tuktuk, akaona kanzu mpya yenye alama mbili za vumbi magotini, na bibi, na kofia iliyoenda upande.

"Harusi?" akauliza.

"Mimi ndiye walii!" Bakari akasema, kwa sauti iliyowageuza watu wa foleni nzima.

"Piteni mbele, mzee. Piteni!"

Adhana ya alasiri iliwakuta wakipanda kutoka ferini. Bakari alisali safu ya nyuma, pumzi zikimwenda mbio, na salamu ilipotolewa watu walimpisha njia mpaka mbele. Bi Mwanatatu alikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, baina ya Mastura na Asmaa.

"Walii yuko wapi?" sheikh akauliza.

"Nipo."

Akakaa goti kwa goti na bwana harusi, Nguma, kijana mpole ambaye kweli alikuwa ametota jasho. Akaunyoosha mkono, wakashikana. Na mkono ulipopita mbele ya kanzu, harufu ikainuka ikasambaa, safu ya kwanza yote ikakunja pua. Nguma alipepesa macho. Ahmad, aliyekaa karibu na sheikh kwa matumaini ambayo hayakuwa yamekwisha kabisa, akamwinamia nduguye.

"Nini hii, Bakari? Wanuka mvuje. Siku ya leo, mbele za watu?"

Bakari alikumbuka mfuko. Asubuhi angeona haya mpaka ardhi impasukie.

"Ni mamangu huyo," akasema, wala hakushusha sauti. "Tumekuja naye."

Kisha akamgeukia Nguma, akaukaza mkono, akayatoa maneno aliyoyafagia uani na kuyamwagilia maua tangu juzi. Utamu wake ulikuwapo wote. "Nguma bin Hamisi, nimekuoza binti yangu Asmaa..." Sauti ilikatika mara moja, akaizoa, akamaliza.

Nguma alikuwa hata hajafika mwisho wa "nimekubali" pale nyuma ya pazia kilipolia kigelegele kimoja, kikongwe, kimepasuka katikati, kimewatangulia wote. Mastura alisikika akinong'ona kwa haraka, "Mama, bado! Hajamaliza! Watu wanatutazama!"

"Na watazame," akasema Bi Mwanatatu.